Tairi Likipasuka, Mguu Usikimbilie Breki

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, vijana wote mliofika, shikamooni na habari za jioni. Wakristo, Bwana asifiwe. Waislamu wenzetu, asalaam alaykum.

Mmeniomba nizungumze nanyi juu ya safari ya Desemba ya kwenda nyumbani Kilimanjaro. Ningeweza kusema juu ya usingizi, juu ya pombe, juu ya kuovateki kwenye kona za Mombo. Hayo mnayasikia kila mwaka. Leo nimechagua jambo ambalo wengi wetu tumeliweka kwenye fungu la mambo ya Mungu, kana kwamba likitokea hakuna la kufanya: tairi kupasuka gari likiwa kwenye mwendo. Nimeshika matairi karakana, na nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na ninachowaambia ninakiamini kwa moyo wote. Tairi likipasuka, gari bado ni lako. Lina usukani, lina matairi matatu mazima, na linaweza kusimama salama. Wengi wetu tunakufa kwa kile dereva anachofanya katika sekunde mbili baada ya mlio, na kwa kile abiria wanachofanya katika nusu saa baada ya gari kusimama.

Mnaukumbuka msiba wa Same. Jioni ya Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba, basi kubwa na basi dogo yaligongana uso kwa uso, yakawaka moto. Waliofariki hawakupungua 38, na wengi waliungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa rasmi ilisema tairi la basi moja lilipata hitilafu, dereva akapoteza mwelekeo. Sitasema neno juu ya dereva yule. Sikuwepo, na humu ndani huenda wamo watu walioweka ndugu zao kaburini siku zile. Ninalotaka mlione ni barabara yenyewe. Kutoka Segera hadi Himo, kwa sehemu kubwa, ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kati yake hakuna ukuta, kuna mstari wa rangi. Sisi tunaendesha upande wa kushoto. Tairi la mbele kulia likipasuka, gari linavuta kulia, yaani kule kunakotoka basi, lori na familia nyingine inayosafiri kama yako. Hiyo mita moja au mbili iliyobaki ndiyo tunayoizungumzia jioni hii.

Kwanza tuelewe kwa nini matairi yanapasuka Desemba, na kwa nini hasa njiani, wakati mwaka mzima hapa Dar es Salaam hayakupasuka.

Tairi linauawa na joto, na joto hilo linalizaa lenyewe. Kila linapozunguka, ubavu wake unajikunja pale unapogusa lami, kisha unanyooka. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua haraka haraka mara nyingi, kisha kiguse: kitakuwa cha moto, na ukiendelea kitakatika. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja zaidi ya kipimo lililotengenezewa, maelfu ya mara kwa saa, na ndani yake kuna nyuzi na waya zilizoshikamanishwa na mpira. Joto likizidi, mpira unaachia, tabaka zinatengana, ganda linachanika. Ongeza mwendo, ongeza mzigo, ongeza lami ya Hedaru na Makanya saa nane mchana, ambayo joto lake linaweza kupita nyuzi 50, na umekamilisha kila kinachohitajika.

Sasa tazameni gari letu la Desemba. Kuanzia Januari hadi Novemba limekuwa likitambaa kwenye foleni ya Mwenge na Ubungo, mtu mmoja au wawili ndani. Tairi lililozeeka, lenye upepo nusu, linavumilia maisha hayo bila malalamiko. Kisha siku moja tunapakia watu saba, magunia ya mchele, sukari, mafuta ya kupikia, kreti za soda, tunafunga mzigo mwingine juu ya keria, na tunalikimbiza kilomita zaidi ya 500 kwa mwendo wa 120. Tairi lilelile. Nalo wakati wa kurudi ni mikungu ya ndizi mpaka dirishani. Ndiyo maana ninamsikitikia mtu anayesema, “Tairi langu halijawahi kunisumbua.” Halijawahi kuulizwa swali lolote gumu.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 14.4, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Ganda la juu lilikuwa likichomoka gari likiwa kwenye kasi, na gari lile, refu kwenda juu, likapinduka. Serikali yao ilihusisha matairi yale na vifo 271. Wabunge na mahakama walibishana sana juu ya nani mwenye kosa, kiwanda cha matairi au kiwanda cha magari, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kiasi cha upepo: Ford walikuwa wakishauri PSI 26, na Firestone baadaye wakasema iwe 30. Ajali nyingi zilitokea majimbo yenye joto, kwenye mwendo mkubwa na mzigo. Kutokana na msiba ule ikatungwa sheria iliyofanya magari madogo mapya yote kule, kuanzia Septemba 2007, yawe na taa ya kumwonya dereva kwamba upepo umepungua. Magari mengi tunayoagiza Japani hayana taa hiyo. Kwetu sisi taa ni geji yako ya kupimia upepo.

Kwa hiyo geji. Nunua yako, ikae kwenye dashibodi. Geji nyingi za vijiweni zimeanguka chini mara nyingi na hazisemi kweli, na fundi mwingine anajaza kwa kupiga teke tairi na kusikiliza. Kwa macho huwezi kujua; tairi la siku hizi linaweza kupungukiwa robo ya upepo wake na bado likaonekana limesimama vizuri. Pima asubuhi gari likiwa limelala, kabla hujatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna namba mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lililojaa. Desemba wewe umejaa. Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usiifuate hiyo. Na ukifika Korogwe ukapima ukakuta upepo umepanda, usiupunguze. Umepanda kwa sababu ya joto, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Ukiutoa, tairi litajikunja zaidi na kupata moto zaidi.

Halafu soma umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukiona 2317, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Viwanda vingi vinataka tairi likaguliwe kwa makini kila mwaka baada ya miaka mitano, na likitimiza kumi liondolewe hata kama lina meno yote. Kwa jua letu na mzigo wetu, mimi binafsi sisubiri kumi. Vijana mnamfahamu mwigizaji Paul Walker, aliyekufa kwenye gari huko California Novemba 2013. Wachunguzi walitaja mambo mawili: mwendo mkali, na matairi yaliyokuwa na umri wa miaka tisa. Gari lile lilikuwa la fahari, lina kilomita chache. Matairi yake yangemdanganya mtu yeyote. Tairi la spea nalo lina tarehe. Nendeni mkaisome, kwa sababu spea nyingi za mjini ni kongwe kuliko matairi yanayotembea.

Mtumba mzuri wa tairi upo? Nimeulizwa hivyo na watu wa kipato kama changu, na ninaelewa kwa nini wanauliza. Jibu langu ni kwamba hujui lilikotoka, limewahi kutembezwa bila upepo au la, limezibwa mara ngapi kwa ndani. Kama fedha inatosha matairi mapya mawili tu, nunua mawili, na ahirisha mzigo wa soda. Ukiona nundu imetokeza ubavuni, nyuzi zimekatika ndani. Tairi hilo halisafiri, hata kwenda Kibaha. Likiwa kipara, au mifereji imefikia vile vigingi vidogo vilivyomo ndani yake, ambavyo kwenye magari madogo vimewekwa kwenye kina cha milimita 1.6, limekwisha.

Nimemaliza habari ya kabla ya safari. Sasa naomba simu tuziweke chini kidogo, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Umepita Makanya, uko kwenye 100. Kwa mwendo huo gari linakula mita 28 kila sekunde. Ghafla, mlio kama wa bunduki. Likiwa tairi la mbele, utalisikia mikononi: usukani unavuta upande na kutetemeka. Likiwa la nyuma, utalisikia kwenye kiti: mkia wa gari unayumba. Usipoteze muda kubaini ni lipi. Unachofanya ni kilekile.

Mikono: shika usukani kwa nguvu, yote miwili, mmoja kushoto mwingine kulia, na lizuie gari kwenye njia yako. Usilirushe. Linavuta kulia, wewe unalipinga kushoto kiasi cha kulinyoosha tu.

Mguu: usiende kwenye breki. Tena usiuchomoe ghafla kwenye mafuta. Uache palepale ulipokuwa kwa kitambo cha pumzi moja, mpaka uone gari limenyooka, kisha uuachie pole pole. Pole pole kabisa.

Najua mwili mzima utakuambia ukanyage breki. Tumefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba hatari ikija, breki. Lakini fikirini pamoja nami. Tairi lililopasuka tayari linakokota. Upande huo wa gari tayari una breki ambayo wewe hukuikanyaga, na ndiyo inayolivuta gari. Ukikanyaga na wewe, uzito wote unaegemea mbele. Kama tairi bovu ni la mbele, umelitwisha mzigo tairi lisiloweza kubeba, nalo linajikunja, rimu inachimba lami, gari linakata kona ambayo hukuitaka. Kama ni la nyuma, umeuondolea mkia uzito wake, na mkia mwepesi wenye tairi bovu unazunguka kwenda mbele. Njia zote mbili zinakupeleka kwenye upande wa wenzako au kwenye kupinduka. Injini inayoendelea kusukuma mbele ndiyo inayolishikilia gari linyooke dhidi ya ule mvuto wa pembeni. Na kasi itapungua, msiwe na hofu. Tairi lililokufa ni zito kulikokota, utaona gari linapungua mwendo lenyewe.

Usikanyage klachi, usiweke gia huru, usivute breki ya mkono. Taa za hazadi ziache kwanza, kwa sababu zinachukua mkono mmoja na macho yako. Na macho yatazame mbali, katikati ya njia yako, kule unakotaka kwenda. Dereva akikazia macho mti, mikono humpeleka kwenye mti.

Ukishuka chini ya 50, gari likiwa limenyooka na limetulia, hapo ndipo unapotazama kioo, unawasha indiketa ya kushoto, unagusa breki kwa upole, unasogea nje ya barabara. Sasa washa hazadi.

Kuna jambo moja humu limeua watu waliokuwa wamekwisha kuokoka tairi lenyewe. Lami zetu nyingi zina ukingo. Pembeni mwa lami udongo umeshuka kwa kina cha kiganja. Gari linayumba, matairi ya kushoto yanateremka kwenye udongo, dereva anashtuka na kuukata usukani kulia ili arudi barabarani. Tairi linakwaruza ule ukingo, halipandi, halipandi, halafu linapanda kwa mara moja, na gari linaruka kama lilivyoelekezwa, moja kwa moja kwenye njia ya wanaokuja. Au linapinduka, maana Noah, Hiace na Land Cruiser ni magari marefu kwenda juu. Ukishateremka, kaa hukohuko chini. Nyoosha usukani, liache lipunguze mwendo kwenye udongo na majani. Gari likichunika ubavu litapakwa rangi.

Sasa nazungumza na mnaokaa viti vya abiria, na hasa nyie mnaokaa mbele. Mlio ukitokea, usipige kelele “breki! breki!” Usimshike dereva mkono. Dereva aliyefundishwa vizuri anaweza kuharibiwa na sauti ya mtu anayempenda. Asubuhi ya safari, mkishamaliza sala na kabla gari halijawashwa, semeni wazi mbele ya wote, watoto wakisikia: tairi likipasuka, sisi tunanyamaza, dereva hagusi breki. Na mikanda, ndugu zangu, ya nyuma pia. Gari likiyumba, dereva asiye na mkanda anateleza kutoka kwenye usukani na hawezi tena kulinyoosha. Mtoto anayepakatwa hawezi kushikwa na mikono ya mtu yeyote, hata awe na nguvu gani. Magunia yasikae juu ya vichwa vya watu wa kiti cha nyuma.

Na mwendo. Nguvu iliyomo kwenye gari la 120 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 80, kwa hesabu kamili ni mara mbili na robo. Kila nililowaeleza juu ya mikono na mguu linawezekana kwenye 80 kwa dereva wa kawaida. Kwenye 120 na mzigo juu ya keria, sikuahidi chochote. Mabasi na malori sheria inawataka wasizidi 80. Wewe wa gari dogo hukukatazwa kuwafuata kwa mwendo huohuo.

Gari limesimama. Moyo unadunda, watu wanasema “Mungu mkubwa”. Hapa ndipo wengi wanaona hatari imekwisha, wanashuka na kulizunguka gari wakipiga picha za tairi. Nimewahi kuhudhuria misiba iliyotokana na dakika hizo.

Umesimama wapi? Kama ni kwenye kona, kwenye mteremko, kwenye daraja, au gari nusu liko kwenye lami, hujafika. Washa hazadi, tembea kwenye gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, hata kama rimu inasaga chini, mpaka upate mahali palipo sawa, peupe, nje kabisa ya barabara. Rimu itaharibika. Acha iharibike, rimu inauzwa madukani, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Usiku fanya vivyo hivyo mpaka kwenye kituo cha mafuta, kituo cha polisi au mahali penye nyumba na taa, hata kama ni mbali. Na wale wanaokwenda ukweni Iringa au Mbeya, barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Humo usiteremshe familia majanini. Jikokote taratibu hadi langoni au penye askari wa hifadhi, na kama haiwezekani, kaeni ndani na mwombe msaada.

Abiria wote washukie milango ya kushoto. Wasikae mbele ya gari wala nyuma yake, wasikae kwenye kivuli cha gari. Waende pembeni, mbali na lami, juu ya tuta au nyuma ya mtaro, wazee na watoto kwanza, na mtu mzima mmoja abaki nao akiwashika watoto. Lori likiligonga gari lako, gari litasukumwa mbele, kwa hiyo kundi lenu lisimame upande wa nyuma kidogo ya gari lilipo, kule pembeni.

Kisha pembetatu nyekundu. Wengi wanaiweka hatua tano nyuma ya gari, inapendeza kwenye picha tu. Dereva wa 100 akiona, akafikiri, akakanyaga, gari lake linasimama baada ya mita 90 na zaidi kama lami ni kavu. Lori lililobeba linahitaji zaidi. Kwa hiyo hesabu hatua kubwa 100, ukitembea pembeni, ukiwatazama wanaokuja, pembetatu umeishika mbele ya kifua ili ikuonyeshe na wewe. Kama nyuma yako kuna kona, iweke kabla ya kona. Weka nyingine upande wa mbele, barabara ni moja. Vaa reflekta, ile wanayovaa bodaboda. Bei yake ni ndogo na usiku ndiyo inayokutofautisha na giza.

Ukikosa pembetatu utakata matawi, kama tunavyofanya sote. Sina ugomvi na matawi, madereva wa nchi hii wanayaelewa. Ugomvi wangu ni mawe. Tunayaweka barabarani na kwenye magurudumu, tunabadili tairi, tunaondoka na kuyaacha. Saa mbili usiku mwendesha pikipiki anapanda juu ya jiwe lako. Kazi haijaisha mpaka umeokota mawe na matawi yote.

Kubadili tairi kwenyewe mnakujua, nitataja tu yale yanayovunja miguu. Breki ya mkono, gia ya kwanza au P, na kizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili. Legeza nati tairi likiwa bado chini. Jeki ikae kwenye udongo mgumu au juu ya ubao. Spea ukishaitoa, ilaze chini ya ubavu wa gari kabla hujatoa tairi bovu. Jeki ikiteleza, gari litaangukia spea na si wewe. Usiingize kichwa wala miguu chini, kwa sababu yoyote. Funga nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini yake, na uzikaze upya baada ya kilomita 50 hivi. Ile spea nyembamba isizidi mwendo wa 80, inakupeleka kwa fundi, haikupeleki Rombo. Na kama tairi bovu ni la kulia na hukupata nafasi ya kutosha, mgongo wako utakuwa kwenye njia ya malori. Usibadili hapo. Sogeza gari.

Kwa fundi nako muwe macho. Tairi lililotembea bila upepo huenda limekatika nyuzi ndani bila kuonekana, na linaweza kuchanika ubavuni wakati wa kujazwa. Msisimame mbele ya ubavu wake, na watoto wasichungulie. Matairi ya malori yenye rimu za ringi ya chuma yajazwe ndani ya kizimba, ringi ikichomoka inaua. Na mtu yeyote asichomelee rimu tairi likiwa limefungwa, hata kama upepo umetolewa. Moto ule unageuza mpira kuwa gesi na tairi linalipuka. Kama kijana wako ni fundi wa kuchomelea, mwambie leo.

Likiwa limetokea baya na watu wameumia, namba ni 112, na kama kuna moto, 114. Taja mahali kwa jina la kijiji au nguzo ya kilomita.

Mwenyekiti, nimebakiza dakika zangu kumi na naomba nizitumie nje. Magari yako pale uwanjani na fundi amekuja na geji mbili. Kila mwenye gari asome tarakimu nne za matairi yake matano, halafu aandike kwenye karatasi. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limezimwa, na mke wako au mume wako kando. Nitapiga bati kwa nyundo nyuma yako bila kukuonya. Nataka nione mikono imeshika, na mguu wa kulia umebaki ulipo. Tutarudia mpaka kila mmoja apatie. Tuanze na wanaosafiri wiki hii.